"Ni mawazo tu": maneno yaliyonichelewesha miezi minane kujua usingizi wangu unaumwa nini

Mkesha_Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku kwa mlio macho, na habari za asubuhi kwa mliobahatika kulala.

Mwaka jana mambo yaliniangukia kwa mkupuo. Kazi ilisimama, mzazi wangu akaanza kuugua, tukahama nyumba, yote ndani ya miezi miwili. Usingizi nao ukafungasha virago. Nalala saa tano usiku kama gogo, ikifika saa nane kasoro nimeshtuka, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Hapo sasa madeni, hospitali na maneno niliyowahi kumjibu vibaya bosi miaka sita iliyopita vinapanga foleni. Basi nagaragara mpaka kunakucha.

Kila niliyemwambia, daktari wa kwanza akiwemo, alinijibu vilevile: ni mawazo tu, yakiisha utalala. Nikakubali, maana mawazo kweli yalikuwepo, tena ya kutosha kugawia na majirani.

Ajabu ni kwamba mambo yalitulia na usingizi haukurudi. Nikawa naamka kichwa kinagonga, mdomo mkavu, usiku naenda haja ndogo mara tatu. Nikapima sukari, haipo. Mchana nasinzia kikaoni huku naongeleshwa mimi mwenyewe.

Aliyegundua ni mke wangu. Usiku mmoja aliweka simu kwenye stuli karibu na mto wangu, akarekodi. Asubuhi tukakaa ukingoni mwa kitanda tukasikiliza. Mkoromo, mkoromo, mkoromo, halafu kimya. Ila kimya chenyewe hakikuwa cha amani: shuka inachakarika, kifua kinahangaika kuvuta hewa na hewa haiingii. Mke wangu anahesabu kwa vidole. Sekunde ya 19 likatoka shindo la pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, nikajigeuza, mkoromo ukaanza upya. Baada ya dakika tatu, tena. Tukaendelea kuhesabu mpaka akaizima, akasema inatosha.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshika mkia nikiita kichwa. Nilidhani mawazo ndiyo yananiamsha. Kumbe naamshwa na koo kuziba, mawazo yananikuta niko macho tayari.

Nikapewa kifaa cha kuvaa nyumbani usiku mmoja: kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni, mkanda kifuani, mrija mdogo chini ya pua. Wanahesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa, na ili ihesabiwe lazima ifike sekunde 10. Chini ya mara 5 kwa saa hauna shida. Kuanzia 5 hadi 15 ni kiasi kidogo, 15 hadi 30 ni kati, 30 kwenda juu ni kali. Mimi nilikuwa 27.

Nimeleta uzi huu kwa sababu moja. Kipindi kigumu kinakuwa gunia, kila shida ya usingizi inatupwa humo na kuandikwa "mawazo". Na ndani ya hilo gunia kuna vitu vinne vitano tofauti kabisa, ambavyo dawa zake hazifanani, na dawa ya kimoja inaweza kukiharibu kingine. Mimi nilikuwa natafuta vidonge vya usingizi. Baadhi ya vidonge hivyo vinalegeza misuli na kupunguza msukumo wa kupumua, yaani ningejiongezea tatizo kwa hela yangu mwenyewe. Pombe ndiyo usiseme, na mimi nilikuwa napiga bilauri mbili "za kunilaza".

Karibuni tujadili. Mimi si daktari, ni mgonjwa aliyesoma sana kwa hasira.

---

Bi_Shuka

Pole kaka, na hongera kwa mkeo. Mimi sikoromi, nimeulizia. Langu ni kwamba nikipanda kitandani ndipo macho yanafunguka. Kwenye kochi nasinzia vizuri, nikishaingia chumbani tu, tayari, nahesabu boriti. Ilianza nilipofiwa. Sasa ni mwezi wa tano tangu hapo. Mchana nimechoka hoi, lakini hata nikijilaza mchana silali. Hiyo nayo ni pumzi?

---

Mkesha_Mstaafu

Pole sana kwa msiba dada yangu.

Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo inayotenganisha. Mtu wa pumzi kukatika anasinzia. Mketishe mahali pa kimya, dakika tano ameshaondoka. Mtu wa kukosa usingizi kwenyewe amechoka ila hasinzii, mwili wake uko kama injini iliyoachwa inawaka usiku kucha. Ukimwambia "lala mchana basi", hawezi.

Na hilo la usingizi kupatikana kwenye kochi na kukosekana chumbani, umeeleza kitu kinachojulikana. Mtafiti Arthur Spielman aliligawa tatizo hili katika tabaka tatu: kuna ulichozaliwa nacho (wengine ni wepesi kuamka), kuna kilichowasha moto (msiba, kazi, ugonjwa), na kuna kinachoupulizia moto usizime. Cha tatu ndicho watu hatukioni. Ni yale mambo tunayofanya ili kulipizia: kupanda kitandani mapema kwa saa mbili, kubaki tumelala mpaka saa nne asubuhi, kuangalia saa kila dakika kumi na kupiga hesabu "nikilala sasa nitapata saa tatu". Kitanda kinageuka uwanja wa mapambano, na ubongo unajifunza kwamba pale ni mahali pa kukaa macho. Msiba unapoa, mafunzo yanabaki.

Wataalamu wanaita sugu ikiwa ni angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi, na mchana unaathirika. Wewe umeshavuka.

---

Mtu_Makini

Mimi nitapingana kidogo. Hizi nyuzi zinawatia watu hofu. Mtu akifiwa au akifukuzwa kazi asipolala wiki mbili, huo ni ubinadamu, si ugonjwa. Sasa kila mtu ataanza kuvaa mikanda kifuani.

---

Mkesha_Mstaafu

Mkuu, nakubaliana na wewe zaidi unavyodhani. Wiki mbili tatu za kukesha kwenye shida ni jambo la kawaida na kwa wengi linapita lenyewe. Mwenye hali hiyo ashike mambo mawili tu: aamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbovu, na asianze kulala mapema kwa kufidia. Hapo amejiepusha na lile tabaka la tatu.

Ninachosema mimi ni kwamba "ni mawazo tu" ni jibu zuri la wiki ya tatu na jibu baya la mwezi wa nane. Na kuna dalili ambazo hazipaswi kusubiri hata wiki: kukatika pumzi, kusinzia ukiwa unaendesha chombo, na mawazo ya kutaka kufa. Hili la mwisho mtu asingoje alale kwanza, atafute msaada siku hiyohiyo.

---

Daktari_wa_Kijiweni

Nimesomea uuguzi, nitie neno kwa Bi Shuka. Tiba inayopendekezwa kuanza nayo kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu si kidonge, ni mafunzo ya kubadili mwenendo na fikra kuhusu usingizi, kwa kawaida vikao vinne hadi nane. Chama cha madaktari bingwa wa Marekani kilitoa mwongozo huo mwaka 2016, na Ulaya wana msimamo uleule.

Kiini chake ni kigumu kwa mwili ila chepesi kueleza. Kitanda ni cha kulala na cha unyumba, basi. Ukiona kama dakika ishirini zimepita (usiangalie saa, kisia), toka, kaa kwenye mwanga hafifu na kitu kisichosisimua, rudi lepe likikujia. Hata kama ni mara tano usiku mmoja. Pia wanapunguza muda wa kuwa kitandani ulingane na muda unaolala kweli, ila hawashuki chini ya saa tano, halafu wanauongeza kidogokidogo usingizi unaposhikana.

Tahadhari: hiyo ya kupunguza muda usijifanyie peke yako kama una kifafa, kama una ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka, au kama kazi yako ni udereva. Wiki ya kwanza unakuwa na usingizi mzito mno mchana.

Na jambo moja kwa mfiwa yeyote: ukiona unaamka alfajiri mapema kila siku, hakuna kinachokufurahisha, chakula hakina ladha na unajiona huna maana, huenda ni sonona. Mwambie daktari hayo yote, usimwambie la usingizi peke yake.

---

Zamu_ya_Tatu

Sisi wa zamu mmetusahau. Idara yetu walipunguza watu, tuliobaki tunazungushwa: wiki usiku, wiki mchana. Nikitoka asubuhi natamani kulala njiani, nikifika kitandani saa tatu asubuhi nalala kwa muda wa saa nne tu, nimeamka. Halafu saa kumi za usiku kazini ndio naona nyota.

---

Mkesha_Mstaafu

Mkuu, usingizi wako mzima, saa ndiyo mbovu. Mwili una saa yake ya ndani, mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika chache, na mwanga ndio unaoirekebisha kila siku. Waliofumbua mitambo ya saa hiyo ndani ya seli, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Ukitoka zamu saa moja asubuhi jua likakupiga usoni, saa ya ndani inasikia "kumekucha", halafu wewe unaiambia ilale. Haikuelewi.

Waliofanikiwa wanafanya hivi: miwani ya giza njiani kurudi (kama huendeshi wewe), chumba cheusi kabisa, simu nje, na kusinzia kidogo kabla ya zamu. Kahawa mwanzoni mwa zamu, si mwishoni, kwa sababu nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa wengine zaidi.

Kuhusu kuendesha baada ya zamu, nitasema kwa ukali. Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Hesabu uliamka saa ngapi kabla ya kuwasha gari.

---

Kijana_Bundi

Mimi nalala saa kumi usiku naamka saa sita mchana, nalala vizuri tu, fofofo. Ilianza masomo yalipohamia nyumbani. Wazazi wanasema uvivu.

---

Daktari_wa_Kijiweni

Kama ukiachiwa ratiba yako unalala saa nane nzuri na unaamka mzima, hiyo si uvivu wala si kukosa usingizi. Saa yako imesogea mbele. Ni kawaida kwa umri wenu, na kukaa ndani bila mwanga wa asubuhi kunaisogeza zaidi. Usijilazimishe kulala mapema, utagaragara tu. Anza upande wa kuamka: rudisha kidogokidogo, na ukiamka toka nje kwenye mwanga nusu saa. Jioni punguza taa na kioo cha simu.

---

MamaWawili

Naomba nisichekwe. Mimi jioni nikishakaa tu, miguu inaanza. Si maumivu. Ni kama kuna wadudu wanatembea ndani ya mfupa, lazima niitikise. Nikisimama nikatembea, inatulia. Nikilala, inaanza. Mume wangu amehamia chumba cha watoto kwa mateke. Nimekuwa nameza dawa ya mafua, ile inayolegeza, ili nilale, ndiyo inazidi. Hedhi yangu pia ni nzito tangu nijifungue. Nilijua ni mawazo maana ilizidi kipindi cha kesi yetu ya nyumba.

---

Mkesha_Mstaafu

Hapa hakuna wa kukucheka dada. Umeeleza kama ilivyo kitabuni kabisa: hamu ya kuitikisa miguu, inazidi ukitulia, inapungua ukitembea, na inakuwa mbaya jioni na usiku. Hayo manne yakikutana, ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Daktari Ekbom wa Uswidi aliuelezea kwa kirefu miaka ya 1940, na bado watu wanaambiwa wana wasiwasi.

Hiyo dawa ya mafua iache, na mwulize mfamasia kuhusu nyingine. Dawa nyingi za mafua na mzio zile zinazoleta usingizi ndizo zinazochochea miguu. Baadhi ya dawa za sonona pia, ila hizo mtu asiache kwa uamuzi wake, amuulize aliyemwandikia.

Na hedhi nzito ndiyo iliyonishtua. Upungufu wa madini ya chuma unahusika sana na miguu hii. Nenda ukaombe kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma, si wingi wa damu peke yake. Damu inaweza kuonekana sawa huku akiba imekauka. Kwa wenye miguu hii, madaktari wengi huongeza chuma feritini ikiwa 75 au chini, ingawa kwenye karatasi ya maabara inaweza kuandikwa kawaida. Lakini usianze kumeza chuma bila kipimo. Kikizidi nacho ni sumu.

---

Ukuta_wa_Nne

Mbona hamgusi jinamizi? Tangu nianze kulala saa nne kwa usiku kwa ajili ya kumwuguza mama, mara mbili kwa wiki naamka nimeganda. Macho yanaona chumba, mkono hausogei, na nahisi kuna mtu amekaa kifuani. Wengine wameniambia nimetupiwa kitu.

---

Bahari_Kimya

Na umetupiwa kweli. Mambo mengine si ya hospitali hayo.

---

Daktari_wa_Kijiweni

Sitagombana na imani ya mtu, ila nieleze mwili unavyofanya. Kwenye usingizi wa ndoto ubongo hufunga misuli ili usizitende ndoto zako. Mara nyingine akili inaamka kabla kufuli haijafunguliwa. Ndoto inaendelea juu ya chumba halisi, na kwa kuwa misuli mikubwa ya kifua imefungwa, kiwambo cha tumbo (msuli ulio chini ya mapafu) kinapumua peke yake, unahisi umekaliwa. Inadumu sekunde au dakika chache, inakwisha. Vinavyoichochea ni uchovu, ratiba iliyovurugika na kulala chali. Vyote vitatu vinamkuta mtu anayeuguza.

Lala ubavu, omba ndugu akupokee usiku hata mmoja kwa wiki. Likikupata, usipigane na mwili mzima. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu.

Kitu tofauti ni mtu asiyefungwa misuli: anapiga ngumi, anaruka kitandani, anaigiza ndoto yake. Hasa mzee wa miaka hamsini na kuendelea. Huyo apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, maana kwa wengine hutangulia ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili) kwa miaka mingi. Na kwa leo toeni meza yenye pembe karibu na kitanda chake.

---

Bi_Shuka

Narudi. Kaka mleta uzi, nimekuwa nawaza: kama wewe ulikuwa na vyote viwili, pumzi na mawazo, ulijuaje uanze na kipi?

---

Mkesha_Mstaafu

Sikujua, na wengi wanavyo vyote viwili kwa pamoja. Hasa wanawake, dada, ambao mara nyingi hawakoromi kwa kelele, wanalalamika uchovu, kichwa asubuhi na kuamka-amka, wakaandikiwa dawa ya wasiwasi. Kwa hiyo usijiondoe kwenye orodha kwa sababu tu umeulizia mkoromo.

Mimi nilifanya mawili kwa wakati mmoja. Mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, aliyoibuni Colin Sullivan huko Sydney na kuitangaza mwaka 1981. Wiki ya kwanza niliichukia, nilikuwa naamka nimeitupa sakafuni. Wakabadili ukubwa wa barakoa, ya puani tu, ndipo tukapatana. Na upande wa pili, hayo mambo ya kitanda aliyoeleza muuguzi wetu.

Kabla ya kwenda kwa daktari, andika wiki mbili. Daftari la kawaida: nilipanda saa ngapi, nadhani nililala saa ngapi, niliamka mara ngapi, nikatoka kitandani saa ngapi, kahawa na pombe saa ngapi. Liandike asubuhi, si usiku, usije ukaanza kuvizia saa. Pia kuna maswali manane ya Murray Johns, naye wa Australia (sijui kule wanalala vipi), ya mwaka 1991: unajipa 0 hadi 3 uwezekano wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukiwa kwenye gari lililosimama foleni na kadhalika. Jumla 24. Ukizidi 10, kusinzia kwako kumepita kiasi. Mimi nilipata 16. Ungejaza wewe, naamini ungepata ndogo, na hiyo nayo ni taarifa kwa daktari.

---

Zamu_ya_Tatu

Nimejaza. 19. Nimeomba zamu zizungushwe kwenda mbele, asubuhi, jioni, usiku, badala ya kurudi nyuma. Msimamizi kasema atafikiria. Kwa sasa napanda gari la abiria.

---

MamaWawili

Nimerudi na majibu, imekuwa siku kumi. Wingi wa damu wameniambia "uko vizuri, karibu kabisa na mstari". Nikaomba feritini, mhudumu akaniuliza nimeisikia wapi. Imetoka 11. Nimeandikiwa chuma cha miezi mitatu kisha nirudi kupimwa, na nimepangiwa kuonana na wa magonjwa ya wanawake kuhusu hedhi. Dawa ya mafua nimeiacha, miguu imepungua kidogo tayari, mateke bado.

---

Mkesha_Mstaafu

Kumi na moja! Na walitaka kukurudisha nyumbani. Usikimeze pamoja na chai wala kahawa, vinazuia chuma kufyonzwa, acha kama saa mbili katikati. Tumbo likifunga au kinyesi kikiwa cheusi usishtuke. Miguu kutulia kunaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mume asirudishe mto wake leo.